Jani la Mstafeli na Dripu ya Irinotekani

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mama yangu mdogo huko Tanga alikuwa akichemsha majani saba ya mstafeli katika sufuria ndogo ya alumini ambayo haikuruhusiwa kupikiwa kitu kingine. Maji yakishageuka rangi ya chai nzito aliyachuja, akatia kijiko kimoja cha unga wa manjano na pilipili manga kidogo, akanywa yote kwa mkupuo mmoja. Wakati huo alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, nayo ilikuwa imeshafika kwenye ini, na alikuwa anaingia mzunguko wa tatu wa tiba ya kemikali, ile ambayo wagonjwa wenyewe huiita kemo. Daktari wake hakuwa na habari yoyote ya sufuria ile. Nilipomwuliza kwa nini hakumweleza, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, hakuniuliza. Na nikimwambia ataniona mshamba."

Jibu hilo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, kwa sababu dripu aliyokuwa akiwekewa hospitalini ilikuwa na dawa iitwayo irinotekani, na irinotekani asili yake ni mti. Mama mdogo alikuwa anatibiwa kwa mmea pande zote mbili, nyumbani na wodini, bila yeye kujua na bila daktari kujua. Hoja yangu katika makala haya inaanzia hapo. Kuuliza kama mimea inatibu saratani ya utumbo mpana ni kuuliza nusu ya swali, kwa maana jibu lake limeshapatikana: upo mmea uliotoa dawa ya ugonjwa huu, na dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kinachotutatiza ni nusu ya pili, yaani nini hutokea kati ya jani na dawa, na kwa nini sisi wa Afrika Mashariki, wenye mimea na wenye wagonjwa, tunaishia mara kwa mara mwanzoni mwa njia hiyo.

Mti wenyewe unaitwa Camptotheca acuminata na kwao ni China. Wanakemia wawili wa Marekani, Monroe Wall na Mansukh Wani, wakifanya kazi katika Research Triangle Institute huko North Carolina, walichukua sampuli za miti ya aina hiyo iliyokuwa imeoteshwa katika bustani ya serikali huko California, wakatenga ndani yake kemikali waliyoiita kamptotesini na kuitangaza mwaka 1966. Matumaini yalikuwa makubwa, kwa kuwa dondoo la mti huo lilikuwa limewasaidia panya wenye saratani ya damu. Lakini kamptotesini haiyeyuki vizuri katika maji, na dawa isiyoyeyuka haiwezi kupitishwa mshipani. Ili kuondoa kikwazo hicho ilibadilishwa ikawa chumvi ya sodiamu, ikapelekwa kwa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Badiliko hilo lilivunja sehemu ya umbo la kemikali iliyobeba nguvu yake, na wakati huohuo wagonjwa wakaanza kukojoa damu kwa sababu kibofu kilichubuka. Majaribio yakasimamishwa. Kemikali ile iliyowasaidia panya ilikuwa imeshindwa kwa binadamu, na ingeweza kusahaulika kabisa.

Haikusahaulika kwa sababu kuna watu waliendelea kuuliza inafanya kazi vipi, na mwaka 1985 jibu likapatikana. Ndani ya kila seli, vinasaba vimesokotwa kama kamba ya nyuzi mbili. Yeyote aliyewahi kujaribu kuachanisha kamba ya katani kwa kuvuta nyuzi zake pande mbili anajua kinachotokea: mbele ya pale unapoachanisha, kamba inazidi kujisokota hadi inakaza na kugoma. Seli inapotaka kujigawa hupata tatizo hilohilo, na ina kimeng'enya maalumu, topoisomerasi ya kwanza, kinachokata uzi mmoja, kinaiacha kamba ijizungushe na kulegea, kisha kinauunga tena. Kamptotesini hukikamata kimeng'enya hicho katikati ya kazi, uzi ukiwa umeshakatwa na bado haujaungwa. Seli inayonakili vinasaba vyake ikifika kwenye mkato ule, mkato mdogo hugeuka mvunjiko mkubwa, na seli hufa. Seli za saratani hujigawa bila kupumzika, hivyo huumia zaidi. Kwa bahati mbaya seli za utando wa utumbo na za uboho nazo hujigawa kwa kasi, na ndiyo maana mgonjwa wa irinotekani hupata kuhara kukali na kupungukiwa chembe nyeupe za damu.

Baada ya utaratibu huo kueleweka, wanakemia wa Japani katika kampuni ya Yakult, ileile inayojulikana kwa kinywaji chake cha maziwa yaliyochachushwa, walitengeneza umbo jipya la kamptotesini linaloyeyuka katika maji na kubadilishwa na mwili kuwa kemikali yenye nguvu zaidi. Hiyo ndiyo irinotekani. Japani iliiidhinisha mwaka 1994, Marekani ikaikubali kwa saratani ya utumbo mpana mwaka 1996, na mwaka 1998 yakachapishwa matokeo ya jaribio la Ulaya lililohusisha wagonjwa ambao dawa ya awali ilikuwa imeshindwa kuwasaidia. Mwaka mmoja baadaye, waliopewa irinotekani walikuwa hai kwa asilimia 36, na waliopewa huduma ya kutuliza dalili pekee walikuwa hai kwa asilimia 14. Tangu 1966 hadi 1996 ni miaka 30. Ninautaja muda huo kwa makusudi, kwa sababu katika simu zetu husambazwa kila wiki ujumbe unaodai kwamba jani fulani linaua saratani ndani ya siku 30.

Sasa tuje kwenye manjano, kiungo kilichomo katika kila jiko la pwani. Rangi yake hutokana na kurkumini, na hakuna kemikali nyingi za mimea zilizochunguzwa kuliko hiyo. Katika visahani vya maabara imezuia seli za saratani ya utumbo mpana kukua, na mwaka 2006 ukatolewa utafiti uliosisimua wengi. Wagonjwa 5 wenye ugonjwa wa kurithi unaootesha vinyama vingi ndani ya utumbo, ambavyo visipoondolewa hugeuka saratani, walipewa kurkumini pamoja na kwesetini, kemikali iliyomo katika vitunguu, na idadi ya vinyama vyao ikapungua kwa takriban asilimia 60. Mtu akiishia hapo ana haki ya kushangilia. Hata hivyo, wagonjwa walikuwa watano tu, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mtafiti yuleyule aliyeongoza kazi hiyo, Marcia Cruz-Correa, alifanya kile ambacho mwanasayansi mwaminifu anapaswa kufanya: alirudi kulipima wazo lake kwa mizani iliyo kali zaidi. Safari hii walikuwa wagonjwa 44, waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa miligramu 3,000 za kurkumini kila siku kwa mwaka mzima na wengine vidonge vinavyofanana navyo visivyokuwa na dawa ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Hapakuonekana tofauti ya maana baina ya makundi hayo mawili, si katika idadi ya vinyama wala katika ukubwa wake.

Tukifanya hesabu ya jikoni, mambo yanakuwa wazi zaidi. Unga wa manjano una kurkumini kiasi cha asilimia 3 ya uzito wake. Ili mama mdogo afikie miligramu 3,000 angelazimika kula karibu gramu 100 za unga wa manjano kila siku, ambazo ni zaidi ya vijiko 30 vya chai, na dozi hiyo ndiyo ileile iliyoshindwa kuleta tofauti. Sababu kubwa ni kwamba kurkumini haipiti kirahisi kutoka utumboni kwenda kwenye damu, na ile kidogo inayopita huvunjwa na ini kwa haraka. Seli iliyomo katika kisahani huoga kurkumini kwa saa nyingi, lakini uvimbe uliokwishahamia kwenye ini la mgonjwa haupati hata harufu yake.

Waliomshauri aongeze pilipili manga hawakukosea kabisa, na jambo hili linahitaji kuelezwa kwa makini. Utafiti wa India wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa piperini, kemikali inayoipa pilipili manga ukali wake, huongeza kwa kiasi kikubwa kurkumini inayoingia katika damu. Huongeza kwa kuvizuia vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyovunja vitu vigeni mwilini. Lakini vimeng'enya vya ini havikuumbwa kwa ajili ya manjano peke yake. Dawa nyingi za hospitali, irinotekani ikiwa mojawapo, hutegemea vimeng'enya hivyo ili zitengenezwe, zipunguzwe na zitolewe mwilini kwa kipimo. Pilipili ya kwenye pilau haina neno. Ninachozungumzia ni vidonge vya kurkumini iliyokolezwa na piperini vinavyouzwa katika chupa nzuri, ambavyo mgonjwa wa kemo huvimeza akiamini kwamba kitu cha asili hakiwezi kugongana na dawa.

Kugongana kupo, na kumeshapimwa. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi waliwapa wagonjwa 5 wa saratani irinotekani pekee, na wakati mwingine irinotekani pamoja na vidonge vya mmea wa Ulaya uitwao Hypericum perforatum, ambao watu huutumia kutuliza huzuni. Mmea huo ulipoongezwa, kiasi cha kemikali yenye nguvu inayotokana na irinotekani katika damu yao kilishuka kwa asilimia 42. Mgonjwa anakaa kitini saa nzima sindano ikiwa mkononi, anavumilia kichefuchefu na kuhara, na karibu nusu ya nguvu ya dawa imekwisha kuondolewa na kidonge cha mitishamba alichokinywa nyumbani.

Kuhusu mstafeli nitakuwa mwangalifu, kwa kuwa najua ni watu wangapi wameweka matumaini yao hapo. Majani na mbegu zake zina kundi la kemikali ziitwazo asetojenini, na ni kweli kwamba zinaua seli za saratani maabara kwa kuzinyima nishati. Hata hivyo, hakuna jaribio kubwa kwa binadamu lililoonyesha kwamba majani ya mstafeli yanatibu saratani ya utumbo mpana. Zaidi ya hayo, mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe, ambako watu hula matunda hayo na kunywa chai ya majani yake kwa wingi, waliuhusisha unywaji huo na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa viungo usioitikia dawa za kawaida. Anonasini, mojawapo ya asetojenini hizo, imeonekana maabara kuziua pia seli za neva. Kemikali inayoinyima nishati seli ya saratani haina macho ya kuitofautisha na seli ya ubongo.

Hapa ndipo ninapotaka kusema wazi jambo linalonisumbua kuhusu vyuo vyetu. Tafiti nyingi za mitishamba ninazozisoma kutoka ukanda huu zinafuata mkondo mmoja: majani yanachumwa, yanakaushwa kivulini, yanalowekwa kwenye ethanoli au methanoli, dondoo linamwagiwa seli za saratani, seli zinakufa, na ukurasa wa mwisho unasema kwamba utafiti zaidi unahitajika. Mwanafunzi anapata shahada yake, dondoo linabaki ndani ya friji, na gazeti linaandika kwamba tiba ya saratani imepatikana. Kuua seli sahanini ni rahisi mno. Hata chumvi ya mezani ukiizidisha itaziua. Swali la kwanza lilipaswa kuwa ni kiasi gani kinahitajika, na kama kiasi hicho kinaweza kufika kwenye uvimbe bila kumdhuru mwenye mwili. Siwalaumu wanafunzi, kwa sababu hatua zinazofuata zinahitaji mashine za kutenga kemikali moja moja, maabara za wanyama, wataalamu wa sumu, kamati za maadili na fedha za miaka mingi, na serikali zetu hazijaamua kugharamia njia hiyo hadi mwisho.

Kwamba tuna mimea inayostahili kugharamiwa, historia ya Kwale, huko pwani ya Kenya, inatosha kuthibitisha. Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilivuna zaidi ya tani 27 za mti wa Maytenus buchananii katika hifadhi ya Shimba Hills. Wadigo wa eneo hilo walikuwa wakiutumia mti huo tangu zamani kwa maradhi yanayofanana na saratani. Kilichotafutwa kilikuwa maitansini, kemikali iliyotengwa na S. Morris Kupchan na wenzake mwaka 1972 kutoka kwenye mti wa jamii hiyo uliochumwa Ethiopia. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali, ikiwamo ya utumbo mpana, ikashindwa, kwani sumu yake kwa tumbo na neva ilizidi faida. Lakini kama ilivyokuwa kwa kamptotesini, watafiti hawakuitupa. Baada ya miongo kadhaa waliifunga kwenye kingamwili inayoipeleka moja kwa moja kwenye seli za aina fulani ya saratani ya matiti, na dawa hiyo, Kadcyla, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2013. Miti ile ilivunwa kabla ya Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992, wakati hapakuwa na sheria ya kimataifa ya kumtaka mvunaji agawane faida na wenye msitu au wenye maarifa. Inaniuma kwamba mganga wa Kidigo aliyejua mti gani wa kuchuma hana jina popote katika simulizi ya dawa hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kutaka majaribio ya dawa za mimea yafanyike kwetu, kwa watu wetu. Irinotekani huondolewa mwilini kwa msaada wa kimeng'enya cha ini ambacho baadhi ya watu hurithi kikiwa kizito wa kazi, na kwao dozi ya kawaida huweza kuwa sumu. Tangu 2005 maelezo rasmi ya dawa hiyo Marekani yanalitaja jambo hilo. Urithi huo unapatikana kwa wingi zaidi miongoni mwa Waafrika kuliko miongoni mwa watu wa Asia ya Mashariki, ambako dawa hiyo ilianza kupimwa. Dozi iliyofaa Tokyo haiwi moja kwa moja dozi inayofaa Mwanza, na hilo ni kweli kwa irinotekani kama litakavyokuwa kweli kwa mti wowote wa kwetu utakaotoa dawa kesho.

Wapo watakaouliza kama basi mimea ya mezani haina kazi. Ina kazi kubwa, ila kazi yake ni kinga, nayo huja kabla ya uvimbe. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliona kwamba maradhi ya utumbo mpana yaliyokuwa ya kawaida kwao Uingereza yalikuwa nadra kwa wagonjwa wake, na mwaka 1971 akaandika akiuhusisha upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula na saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana vyakula vya makundi mawili kwa wiki mbili: Wamarekani weusi 20 walilishwa vyakula vya kijijini Afrika Kusini vyenye nyuzinyuzi gramu 55 kwa siku, na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini wakalishwa mlo wa Kimarekani wa nyama na mafuta wenye gramu 12 tu. Katika wiki hizo mbili tu, utando wa utumbo wa Wamarekani ulionyesha dalili chache zaidi za uvimbemoto kuliko awali na bakteria wao wakatengeneza butireti, asidi inayolilinda utumbo, kwa wingi zaidi, na kwa wanakijiji mambo yakawa kinyume. Dona, maharage, kunde na kisamvu vina nafasi yao hapo. Ila sahani ya dona haiwezi kurudisha nyuma uvimbe uliokwisha kufika kwenye ini, na anayemwambia mgonjwa hivyo anamwibia muda.

Na muda ndiyo mali yenyewe. Marekani, mtu anayegunduliwa saratani hii ikiwa bado haijatoka ndani ya utumbo ana nafasi ya karibu 9 kati ya 10 ya kuwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa mbali, nafasi hiyo hushuka chini ya 2 kati ya 10. Mama mdogo aliona damu katika choo chake kwa miezi kumi na moja. Katika miezi hiyo yote aliambiwa ni bawasiri, akanywa shubiri ya kusafisha tumbo, akaoga maji ya muarobaini, akapungua kilo kumi na mbili. Shubiri ileile ndiyo iliyokuwa bado ipo kabatini kwake alipoanza kemo, dawa ya kuharisha ikimsubiri mtu ambaye tiba yake tayari inamharisha hadi kuishiwa maji.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002 na baraza la kuwasajili waganga. Ninapendekeza hatua ndogo isiyohitaji fedha nyingi wala sheria mpya: kadi na faili la kila mgonjwa wa saratani liwe na mstari uliochapwa wa kuuliza anatumia mitishamba gani, tangu lini na kwa kiasi gani, na muuguzi aulize bila kukunja uso. Wagonjwa wangapi wanakunywa nini, na nani alipata madhara gani, ni maarifa ambayo hakuna nchi nyingine itakayotukusanyia.

Kliniki iliyofuata nilimsindikiza. Alikuwa ameyafunga majani kwenye kitambaa, na manjano kwenye mfuko wa nailoni, akaviweka mezani mbele ya daktari kabla hajaketi vizuri. Daktari, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, alimwamkia shikamoo, akaligeuza jani moja mikononi, akamwuliza anachemsha mangapi na kwa muda gani. Alimwomba aache majani na shubiri mpaka kemo iishe, na manjano ayabakize kwenye mchuzi tu. Kisha alimweleza kwamba hata hiyo dripu ilianzia kwenye mti, na mama mdogo akataka kujua mti huo unaota wapi. Wakati wakizungumza, kijana yule alilifungua faili, na chini ya orodha ya dawa akaandika kwa kalamu: majani ya mstafeli, saba kila siku, manjano, kijiko kimoja, tangu mwezi wa pili.